Mzazi Asiachwe Mlangoni mwa Hospitali

Ni jambo la faraja kubwa kuona kwamba vifo vya akina mama wanaojifungua vimepungua nchini. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulihesabu vifo 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulihesabu 104. Katika utafiti huo wa pili, wanawake wanane kati ya kila kumi walikuwa wamejifungulia katika vituo vya afya. Matunda hayo yametokana na kazi ya wakunga, madaktari, madereva wa magari ya wagonjwa na wananchi waliojitolea kujenga zahanati kwa nguvu zao, na anayeyabeza hana nia njema.

Hata hivyo, mama ambaye hakufa si lazima awe mzima. Ndilo jambo ambalo tungependa lizungumzwe wazi, visiwani na bara, ingawa ni la aibu kwa wengi.

Tuitazame Dodoma, ambako wawakilishi wetu hukaa miezi mingi katika shughuli za Bunge na ambako vijana wetu wengi wanasoma. Nje ya mji, katika Bahi, Chamwino, Mpwapwa na Kongwa, nchi ni kavu. Mvua hunyesha tangu Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki maji hutafutwa. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, nayo hubebwa kichwani. Mwanamke mwenye mimba ya miezi minane huibeba kama alivyoibeba alipokuwa mwari, kisha hurudi kukata kuni na kupalilia mtama. Tumbo limesogea mbele, mgongo umepinda kulifuata, na viungo vya nyonga vimelegea kwa maumbile ili mtoto apate njia. Akisema kiuno kinamuuma huambiwa kwamba ndiyo mimba hiyo. Sisi hatukubaliani na jibu hilo. Mimba haimpi mtu ulemavu. Mzigo usio na kipimo ndio unaompa.

Tiba ya viungo, ambayo wataalamu huiita fiziotherapia, si anasa ya matajiri wala si kazi ya wachezaji mpira waliovunjika miguu peke yao. Kwa mjamzito ni elimu ya namna ya kuinama, kunyanyua, kulala kwa ubavu, kuinuka kitandani na kupumua, pamoja na mazoezi mepesi ya mgongo na nyonga. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mazoezi ya mara kwa mara wakati wa mimba ili kuzuia maumivu ya mgongo na nyonga, na likataja tiba ya viungo na mikanda ya kushikilia tumbo miongoni mwa njia za kumsaidia mwenye maumivu. Bila shaka anayetokwa damu, anayevuja maji ya uzazi au mwenye presha ya mimba huyo aanze kwa daktari, si kwa mazoezi.

Lakini lililo zito zaidi ni yanayofuata uchungu. Uchungu unapochukua muda mrefu, na hospitali iko mbali, kichwa cha mtoto hukandamiza nyama za ndani hadi zinakufa, na tundu hubaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Hiyo ndiyo fistula, na habari zake zimeanza kusikika. Lisilosikika ni kwamba mkandamizo huo huo huweza kuumiza mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni, hata mama akainuka kitandani akiuburura mguu mmoja, unyayo ukining'inia. Jirani husema amerogwa. Kumbe mshipa uliokandamizwa mara nyingi hurudi polepole, mradi kifundo cha mguu kinyooshwe kila siku kisikakamae, kifungiwe kibao cha kukishikilia, na mama afundishwe kutembea upya. Asipofanyiwa hivyo kwa wakati, mguu hukakamaa katika hali hiyo. Upasuaji wa fistula nao haumalizi kila kitu. Tundu linaweza kuzibwa na mkojo ukaendelea kuponyoka kwa sababu misuli imelegea, na hapo mazoezi ndiyo dawa.

Na hata aliyejifungua salama ana yake. Kuna anayekohoa akalowa. Kuna aliyeacha kwenda harusini, na kuna aliyeacha jamaa msikitini, kwa kuchelea udhu wake. Tumesikia mengi ya namna hii barazani, yakisemwa kwa sauti ya chini na wanaume wanaodhani kwamba wake zao wamekuwa wavivu.

Sisi watu wa visiwani tuna urithi wetu katika jambo hili, na tuna haki ya kujivunia. Mzazi hukaa siku arubaini, hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa khanga, hupikiwa uji, na kazi nzito hufanywa na wengine. Bibi zetu walifahamu kwamba mwili uliozaa ni mwili uliojeruhiwa. Tungetamani mama wa Chamwino apate hata nusu ya arubaini hiyo. Ila tuseme kweli: kupumzika si kulala kama gogo. Mzazi asiyeinua mguu kwa siku nyingi yumo katika hatari ya damu kuganda katika mishipa, kwa hiyo inampasa achezeshe vifundo vya miguu na atembee chumbani mapema. Kidonda cha upasuaji kisikandwe kwa maji ya moto. Wala khanga, hata ikikazwa namna gani, haifanyi kazi ya misuli, inashikilia tu.

Zoezi lenyewe halihitaji chombo. Mama hukaza misuli ya chini kama anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, huhesabu hadi tano, huachia, hupumzika, na hurudia mara kumi, mara tatu kwa siku, lakini si wakati yuko chooni. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika habari za mazoezi ya misuli hiyo mwaka 1948. Faida yake kubwa zaidi katika kuzuia tatizo huwapata wanaoyaanza mapema, wakati wa mimba, kabla mkojo haujaanza kuponyoka. Na aliyekwisha kupatwa afundishwe na mtu anayejua, maana wengi hukaza matako wakidhani ndiyo.

Nani atawafundisha? Wataalamu wa fani hii ni wachache, na walio wengi wamo katika hospitali kubwa. Lakini Dodoma ina kitu ambacho tungependa kukiona kikitumiwa vizuri zaidi, nacho ni nyumba za kusubiria kujifungua, ambazo wenyeji huziita chigonella. Wanawake wa vijiji vya mbali hukaa humo siku nyingi karibu na hospitali, wakingoja siku yao. Hilo ni darasa lililokwisha kukusanyika. Mtaalamu mmoja akifika humo asubuhi mbili kwa wiki, na akamfunza muuguzi wa kuendelea, atakuwa amewafikia wanawake ambao hangewafuata vijijini kwao kwa mwaka mzima. Wenye kumbukumbu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofundisha usafi na kinga ya maradhi kwa redio na kwa vikundi vya wananchi waliokaa chini ya miti. Redio zipo hata leo, na miti ipo.

Watendaji wanaotusoma tunawaomba mambo mawili ambayo hayana gharama kubwa. Mama anaporudi kliniki baada ya kujifungua, aulizwe na mhudumu, faraghani: Je, mkojo au haja kubwa inakuponyoka? Je, miguu yote miwili ina nguvu? Majibu yaandikwe, na anayehitaji apewe barua ya rufaa. La pili, kila hospitali ya wilaya iwe na nafasi ya mtaalamu wa tiba ya viungo katika ikama yake, na nafasi hiyo ijazwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Bara, inampa mfanyakazi mzazi likizo ya siku 84, na siku 100 akizaa pacha. Mkulima wa mtama hana mwajiri wa kumwomba likizo. Mwajiri wake ni jua, na mwenye kumpunguzia mzigo ni mumewe akiamua kushika ndoo, au Serikali ikimsogezea kisima. Bajeti hujadiliwa Dodoma kila mwaka, na visima vinavyokauka haviko mbali na ukumbi. Waheshimiwa wetu wa kutoka visiwani hawahitaji safari ndefu kwenda kuuliza ni wilaya zipi za mkoa huo zina mtaalamu wa viungo na zipi hazina. Afya si jambo la Muungano, hilo tunalijua, na swali hilo hilo tutaliuliza Unguja na Pemba.