Imara: mlango wa collège ulifunguliwa kwa nani?

Katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ukitaja Imara kila mtu anajua unasema juu ya shule gani. Ni ile ya mapadri Wasalesiani, katikati ya mji wa Lubumbashi. Lakini jina hilo la Kiswahili ni la juzi tu. Shule yenyewe ilianza 1912, na kwa miaka 60 hivi iliitwa Collège Saint-François de Sales. Na ilipoanza haikuwa shule ya watoto wa hapa. Ilikuwa ya watoto wanaume wa Wazungu.

Jambo hilo wazee wanalijua, vijana wengi hawalijui. Wanaona shule kubwa, wanasikia sifa yake, wanafikiri iliwekwa juu ya watoto wa Katanga tangu siku ya kwanza. Historia ya Imara, na ya shule zingine za misioni katika inchi ya shaba, ni historia ya mlango: nani anaingia, nani anabaki inje, na juu ya sababu gani.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Novemba 1911, kikundi kidogo cha Wasalesiani kutoka Ubelgiji kilishuka hapo. Mkubwa wao alikuwa Padri Joseph Sak, ambaye baadaye akawa askofu wa kwanza wa Sakania. Mji ulikuwa bado mchanga, nyumba chache, barabara za vumbi, na kiwanda cha Union Minière kikianza kuyeyusha shaba. Serikali ya koloni iliwahitaji mapadri hao kwa kazi mbili. Kwanza, shule ya watoto wa Wazungu, ili wazazi wasilazimike kuwarudisha Ulaya. Pili, shule ya ufundi kwa vijana weusi: useremala, ushonaji, kutengeneza viatu, kazi za chuma. Ile ya kwanza ikakua na kuwa collège yenye Kilatini. Ile ya pili ikahamia Kafubu, inje ya mji.

Basi nyumba moja ya watawa, milango miwili. Mapadri walewale walifundisha Kilatini upande huu na randa upande ule.

Hii haikuwa mawazo ya Wasalesiani peke yao. Tangu mkataba wa 1906 kati ya Vatikano na serikali ya mfalme Léopold, misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi kwa sharti la kufungua shule. Kutoka miaka ya 1920 serikali ikaanza kutoa pesa kwa misioni za Wabelgiji, nazo zikafundisha kile ambacho koloni ilitaka. Na koloni ilitaka nini? Fundi, karani, mwalimu wa vijiji, muuguzi. Union Minière ilitaka mtu wa kuendesha mashine na kusoma alama za kazi. Mwanasheria au injinia mweusi hakuwa katika hesabu ya mtu yeyote mwenye mamlaka.

Lugha nayo ilifunga mlango bila hata kutumia funguo. Mtoto wa kambi ya wafanyakazi alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kifaransa kidogo tu. Hilo lilikuwa na faida yake, maana alielewa anachofundishwa. Lakini sekondari ya kweli, ile ya miaka 6, ilikuwa kwa Kifaransa, na Kilatini juu yake. Hata kama sheria isingekataza, mtoto yule angefikaje? Kati ya shule yake na collège hapakuwa na daraja.

Upande wa Lualaba mambo yalikuwa na sura nyingine kidogo. Huku Wakatoliki walikuwa Wafransisko, na Waprotestanti wenye nguvu walikuwa Wamethodisti kutoka Marekani. John Springer na mke wake Helen ndio walioanzisha kazi ya Wamethodisti Katanga, kabla ya vita ya 1914. Kutoka hapo kukatokea vituo kama Kapanga, karibu na Musumba ya Mwant Yav, Sandoa, na Mulungwishi, kule kati ya Likasi na Kolwezi. Wamethodisti hawakuwa na shule ya watoto wa Wazungu ya kulinda. Lakini hawakuwa na pesa ya serikali pia: misioni za Waprotestanti zilianza kupewa msaada wa shule baada ya vita kuu ya pili tu. Ndiyo maana walifundisha hasa walimu na wachungaji, watu ambao wangeweza kurudi kijijini na kufungua darasa chini ya mti. Moïse Tshombe, aliyezaliwa Musumba mwaka 1919, alisoma katika shule zao. Alikuja kuwa rais wa Katanga iliyojitenga bila kukaa hata siku moja katika collège ya Elisabethville.

Kulikuwa na mlango wa tatu, na wengi waliupitia: seminari. Kijana mweusi aliyetaka Kilatini, falsafa na masomo marefu alikuwa na njia moja tu, nayo ni kusema anataka kuwa padri. Kule Tanganyika, upande wa Moba ambayo zamani iliitwa Baudouinville, Mapadri Weupe walimfundisha Stefano Kaoze mpaka akapewa upadri mwaka 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati zetu. Baada yake wengi waliingia seminari na wengi wakatoka kabla ya upadri. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa inchi, alikuwa mmoja wa hao waliotoka. Haiwezekani kujua ni wangapi waliingia juu ya wito na wangapi juu ya madaftari, na huenda wenyewe hawakujua. Kwa kijana wa miaka 14 mambo hayo mawili yanachanganyika.

Mabadiliko yalianza baada ya vita. Programu ya masomo ya 1948 iliweka, kwenye karatasi, sekondari ya kweli kwa Waafrika. Kutoka 1950 hivi, shule za Wazungu zikaanza kupokea watoto weusi, mmoja hapa, mwingine pale. Haikutosha mtoto kuwa na akili. Kamati ilichunguza famila nzima: baba anafanya kazi gani, nyumbani wanasema Kifaransa, wanakula mezani, nyumba ni safi, mtoto ana ugonjwa gani. Leo mtu anaweza kucheka akisikia hayo. Wakati ule baba aliyekuwa karani wa Union Minière hakucheka. Alinunua viti na sahani, mama akafua mapazia, wakangoja wageni wa kuja kutazama kama mtoto wao anastahili kuketi na watoto wa Wazungu.

Halafu mwaka 1954 Auguste Buisseret, mtu wa chama cha liberali, akawa waziri wa makoloni kule Bruxelles. Akafungua shule za serikali zisizo za dini, za kupokea watoto wa rangi zote pamoja. Maaskofu walikasirika, wakaona anaingia katika shamba lao. Lakini mashindano hayo yalisaidia watoto. Misioni, zikiona wanafunzi wanaweza kukimbilia upande mwingine, ziliharakisha kufungua sekondari zao. Kama ugomvi ule ungeanza miaka 20 mapema, inchi ingekuwa na sura nyingine siku ya 30 Juni 1960. Siku ile, katika Kongo yote, Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu hawakufika hata 30.

Sasa, ndani ya collège kulikuwa na maisha gani? Watu waliopita katika nyumba za Don Bosco, Imara, Kafubu au kokote duniani, wanatambuana kwa desturi zilezile. Don Bosco, padri wa Torino aliyekufa 31 Januari 1888, hakupenda fimbo. Alitaka mwalimu awe pamoja na wanafunzi hata wakati wa mchezo, ili kosa lizuiwe kabla ya kutokea. Kwa hiyo uwanja wa shule ya Wasalesiani ni darasa pia: padri anakunja kanzu na kupiga ballon, huku macho yake yanaona kila kona. Wanafunzi wamejua sikuzote kama mchezo ule ni upendo na ulinzi kwa mara moja.

Desturi nyingine ni neno la usiku. Kabla ya kulala, mkubwa wa nyumba anasimama mbele ya wanafunzi wa internat na kusema dakika mbili tatu: habari ya siku, onyo, kichekesho, sala. Wasalesiani wanasimulia kama wa kwanza kufanya hivyo alikuwa mama yake Don Bosco, Margherita, jioni walipompokea mtoto wa kwanza asiye na kwao. Kwa wanafunzi wa kutwa, neno hilo linasemwa asubuhi, kwenye mistari. Na Januari ni mwezi wa sikukuu. Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa shule, anakumbukwa tarehe 24 (zamani ilikuwa 29, mpaka Kanisa lilipopanga upya kalenda yake mwaka 1969), na siku 7 baadaye ni Don Bosco mwenyewe. Misa, mechi, michezo ya kuigiza, na daftari zinalala.

Baada ya uhuru shule ilijaa watoto wa Kongo, na kutoka 1967 kila mmoja alipaswa kupita Examen d'État, mtihani uleule toka Bukavu mpaka Matadi. Basi sifa ya shule ikawa na kipimo ambacho kila mzazi anaweza kukisoma.

Kisha ikaja authenticité ya Mobutu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa kwa watu, na majina ya watakatifu yakaondolewa kwenye shule. Mkoa wa Katanga ukaitwa Shaba. Saint-François de Sales ikawa Imara. Kule Bukavu, collège ya Wayezuiti iliyofunguliwa 1938 kwa jina la Notre-Dame de la Victoire, ikawa Alfajiri. Lilikuwa agizo la serikali, na mapadri hawakulifurahia. Lakini majina yenyewe yalichaguliwa vizuri, kwa Kiswahili ambacho hata bibi asiyejua Kifaransa angeweza kukitamka. Leo mtakatifu amerudi kwenye karatasi za shule, na watu bado wanasema Imara.

Mwisho wa 1974 serikali ilienda mbali zaidi: ikachukua shule zote za makanisa na kufuta somo la dini. Haikuchukua muda kabla ya kuonekana kama haiwezi kuziendesha. Tarehe 26 Februari 1977 ikatia sahihi mkataba na makanisa, ikawarudishia usimamizi. Ndizo hizi zinazoitwa écoles conventionnées. Wazazi wengi wanafikiri ni shule za padri au za pasta. Sivyo. Kwa sheria ni shule za serikali: programu ni ya serikali, mshahara wa mwalimu ni juu ya serikali, na kanisa linaongoza. Mtu akielewa hilo, anaelewa pia kwa nini kila upande unaweza kumnyoshea mwenzake kidole pesa inapokosekana.

Na pesa ilikosekana. Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 zilikuwa karibu 30.000 tu. Baba wa Kolwezi aliyekuwa anatuma mtoto internat Lubumbashi, na kampuni ikimpa posho, shule na hospitali, akajikuta bila mshahara. Wakati huohuo walimu walikuwa wamechoka kufanya kazi bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya migomo, ikakubaliwa kama wazazi wamlipe mwalimu kitu fulani, kwa muda. Muda huo ulipita miaka 25. Kutoka Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, kama Katiba ya 2006 inavyosema katika kifungu cha 43. Sekondari haimo.

Kwa hiyo mlango wa collège bado una mlinzi. Hatazami tena rangi wala mapazia ya mama. Anatazama mfuko. Mtoto wa miaka 13 wa Kolwezi aliyemaliza masomo ya msingi anaweza kuwa na akili ya kutosha kwa shule yoyote ya misioni, na akaishia kuosha mawe ya kobalti kwa sababu nyumbani hakuna franga za trimestre ya kwanza. Shule zenye jina kubwa ndizo pia zenye bei kubwa, na mapadri watajibu kwamba bila pesa hiyo paa lingeanguka. Yote mawili ni kweli.

Kitu kimoja wazazi wa Lualaba wangefaa kukijua kabla ya rentrée. Shule inayoongozwa kwa mkataba haipangi bei yenyewe. Kila mwaka wa masomo gavana wa jimbo anatia sahihi arrêté inayoonyesha franga ambazo sekondari za serikali, pamoja na zile za makanisa, zinaruhusiwa kuomba. Ni karatasi ya wote, si siri ya préfet. Mzazi anaweza kuomba kuiona shuleni au kwa sous-division ya elimu, na kuiweka kando ya risiti yake, mstari kwa mstari.