Ukurasa wa Baiti 4,096

Programu ikitaka herufi moja tu iliyolala kwenye diski, hailetewi herufi hiyo peke yake. Mfumo endeshi huinua kipande kizima, kwa kawaida cha baiti 4,096, na kukiweka kwenye RAM. Kipande hicho ndicho ukurasa. Seva zenye prosesa za Intel na AMD bado zinaishi kwa kipimo hiki, kilichokuja na prosesa ya 80386 mwaka 1985, enzi ambazo mwenye RAM ya megabaiti chache alihesabiwa tajiri.

Wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua kompyuta ya Atlas, iliyojengwa kwa ushirikiano na kampuni ya Ferranti chini ya Tom Kilburn. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa ndogo. Ngoma zake za sumaku zilikuwa na nafasi kubwa lakini zilikwenda polepole. Kilburn na wenzake wakaigawa kumbukumbu katika kurasa za maneno 512, na mashine yenyewe ikawa inazihamisha kutoka ngoma hadi kumbukumbu na kurudi, mwandishi wa programu asijue kinachoendelea. Kutojua huko kulikuwa zawadi. Ndiko pia kunakowaumiza kichwa wajenzi wa hifadhidata mpaka leo.

Tuanze na anwani. Anwani inayoonwa na programu si ya kweli: prosesa huitafsiri kwa kupitia majedwali, kwa kawaida ya ngazi nne. (Kila jedwali lina nafasi 512 za baiti 8, yaani linajaza ukurasa mmoja barabara. Aliyepiga hesabu hizi alikuwa fundi.) Kupanda ngazi zote nne kila mara kungeua kasi, kwa hiyo prosesa huweka akiba ya tafsiri za karibuni. Katika kizazi cha Skylake cha Intel, akiba kubwa ya namna hiyo ina nafasi 1,536. Zidisha kwa kilobaiti 4, unapata megabaiti 6 tu. Hifadhidata iliyotandaza gigabaiti 64 kwenye RAM ina kurasa zaidi ya milioni 16, na ikianza kutafuta wateja waliotawanyika huku na kule, akiba hiyo haifui dafu.

Dawa ipo: ukurasa mkubwa wa megabaiti 2. Gigabaiti 64 hugeuka kurasa 32,768, na nafasi zilezile 1,536 hufikia gigabaiti 3. Mwaka 2011 Linux ilianza kuweza kugawa kurasa hizi yenyewe, bila programu kuomba. Hapo hifadhidata ya Redis ikaonja upande wa pili wa dawa. Redis huhifadhi nakala ya data yake kwa kuzaa mchakato mtoto, na mzazi na mtoto hushiriki kurasa zilezile mpaka mmoja aandike. Ukurasa unaoandikwa ndio unaonakiliwa. Kwa ukurasa mdogo, kubadili baiti moja kunagharimu nakala ya kilobaiti 4. Kwa mkubwa, megabaiti 2, sawa na kubomoa ukuta ili ubadilishe kitasa. Mwongozo wa Redis wenyewe unashauri mpangilio huo wa Linux uzimwe.

Kisha kuna nyuzi, yaani kazi nyingi zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja. Uzi ukigusa ukurasa usiokuwepo kwenye RAM, mfumo endeshi huulaza na kuupa uzi mwingine zamu ya prosesa. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Hata diski nzuri isiyo na sehemu zinazozunguka huchukua karibu mara elfu moja ya hapo. Sasa fikiria uzi huo umelala huku umeshika kufuli linalozuia nyuzi nyingine zisiguse data ileile: zote zinazolihitaji zinapanga foleni, na hifadhidata haina habari, kwa kuwa haikuomba kusoma diski. Iligusa tu anwani. Mwaka 2022 watafiti Andrew Crotty, Viktor Leis na Andrew Pavlo walichapisha makala ya kuwaonya wajenzi wasiuachie mfumo endeshi uamuzi wa ukurasa upi ukae na upi utoke. Hifadhidata ya MongoDB, iliyokuwa imeuachia, ilishabadili injini yake ya kawaida ya kuhifadhi data tangu toleo la 3.2 mwaka 2015. Naona watafiti wana haki: anayejua swali linalofuata ndiye apange kurasa.

Mbona hasara hizi hazionekani kwenye majaribio ya kasi? Kwa sababu mengi hutumia data ndogo inayoenea yote kwenye RAM, kisha hutangaza wastani. Maombi 99 yakijibiwa kwa milisekunde 1 na la mia likachukua 500, wastani ni kama 6, namba ambayo hakuna mteja hata mmoja aliyeiona. Mtafiti wa hifadhidata Jim Gray aliliona hilo mapema. Katika makala yaliyotoka kwenye jarida la Datamation Aprili 1985 bila jina lake, alipendekeza kipimo cha miamala ya benki ambapo asilimia 95 ya miamala lazima ijibiwe ndani ya sekunde moja. Baraza la vipimo hivyo, TPC, liliundwa mwaka 1988, na kipimo chake cha TPC-C kikafuata mwaka 1992. Kipimo hicho huiga kampuni yenye maghala yanayopokea oda, na humo ghala moja haliruhusiwi kuhesabiwa zaidi ya oda 12.86 kwa dakika. Anayetaka namba kubwa lazima aongeze maghala, na kila ghala huja na kurasa zake.