Adui wa bunduki kuukuu si kutu pekee

MJOMBA wangu alikuwa askari wa akiba huko Baringo miaka ya 1970. Alikuwa amekabidhiwa bunduki ya .303, ile Mark 3 iliyovishwa mbao hadi mdomoni, na nyumbani mwake hakukuwa na kitu kilichotunzwa kama hiyo. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuisogelea. Kila Jumapili jioni aliitandikia gunia, akaifuta, akaipaka mafuta, kisha akairudisha mahali pake.

Mwaka mmoja wa kiangazi kitako kikaanza kucheza. Mbao zilikuwa zimekauka na kunywea. Mjomba, ambaye alijiona fundi wa kila kitu, wa baiskeli, wa redio, hata wa cherehani ya mkewe, akachukua bisibisi ndefu, akaipenyeza katika tundu lililo nyuma ya kitako na kuzungusha kwa nguvu zake zote. Tukasikia "kwaa!" Kumbe si kitako kilicholia. Ulikuwa ni ubao wa mbele, ule unaoshikilia mtutu, umepasuka.

Msomaji, huenda ukajiuliza vipi mtu azungushe skurubu ya nyuma na ubao wa mbele upasuke. Siri ni hii. Katika Mark 3, kitako hushikiliwa na skurubu moja ndefu ambayo ncha yake ni ya pembe nne. Ncha hiyo hupenya hadi ndani ya ubao wa mbele na kukaa katika kibati kidogo kilichochongewa mahali pake, ili isilegee bunduki inapotikisika. Ukiizungusha kabla hujautoa ubao wa mbele, zile pembe hukisukuma kibati, na kibati huupasua ubao kama kabari inavyopasua kuni. Ni lazima ubao wa mbele utoke kwanza, ndipo kitako kiguswe. Wanaozijua bunduki hizi huliweka hilo mbele ya mengine yote.

Mark 3 si bunduki ya jana. Jeshi la Uingereza liliikubali mwaka 1907, na jina lake la Lee-Enfield limetokana na James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyebuni komeo na kisanduku chake cha risasi, pamoja na mji wa Enfield ulioko karibu na London kulikokuwa na kiwanda cha serikali. Viwanda vya Birmingham, Lithgow kule Australia na Ishapore nchini India navyo vilizitengeneza. Askari wetu wa KAR walikuwa nazo mabegani katika kampeni ya kuwatimua Waitaliano kutoka Ethiopia mwaka 1941. Baada ya vita zilitapakaa duniani kote kama mali ya ziada ya majeshi, na leo zimo katika makavazi, katika vilabu vya kulenga shabaha na mikononi mwa watu wenye vyeti.

Nasema wenye vyeti kwa sababu hapa kwetu Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haina mzaha. Ukiikuta bunduki ya marehemu babu imefungwa katika blanketi darini, usianze kutafuta bisibisi. Waarifu polisi kwanza.

KABLA YA YOTE

Tuchukue basi kwamba bunduki ni yako kihalali. Hakikisha haina risasi. Wengi huchomoa kile kisanduku cha risasi na kudhani wamemaliza, hali risasi moja imebaki ndani ya mtutu ikiwangoja. Fungua komeo, angalia kwa macho, kisha tia kidole ujihakikishie. Risasi zote ziwe chumba kingine, na watoto vilevile.

Komeo ndilo hutoka kwanza, na halihitaji chombo chochote. Livute nyuma hadi likwame, inua kile kichwa chake kidogo cha mbele kiachane na reli yake, kisha uchomoe. Kichwa hicho hufunguka kwa vidole. Hapo soma nambari: iliyo kwenye mkono wa komeo inapaswa kuwa sawa na ile iliyo kwenye mwili wa bunduki. Kila komeo lilipimwa na kukwanguliwa kiwandani ili litoshane na bunduki yake. Kwa hiyo ukisafisha bunduki mbili kwa pamoja, usichanganye makomeo. Nafasi ikizidi kidogo tu baina ya komeo na risasi, ganda linaweza kupasuka usoni pako. Pini ya kufyatulia, iliyo ndani ya komeo, ina chombo chake maalumu cha kuifungulia. Kama huna, iache humo humo. Tone la mafuta litaitosha.

Kuhusu kuutoa ubao wa mbele, ushauri wangu ni kwamba usiutoe bila sababu. Kila unapotolewa hulegea kidogo, na ukilegea, shabaha huharibika, maana mtutu huulalia. Sababu nzuri ni kama bunduki imetoka ghalani ikiwa imejaa grisi ya zamani, au unashuku kutu iliyojificha chini ya mbao. Basi tafuta bisibisi ambayo bapa lake linajaza mfereji wa skurubu sawasawa. Bisibisi nyembamba ya dukani itateleza na kuubomoa mfereji, na skurubu za umri huo hazipatikani Gikomba. Iliyogoma itie mafuta mepesi uilaze usiku kucha. Anzia na chuma cha mdomoni, kisha zile pete, halafu mbao za juu, na mwisho skurubu za kikingio cha kifyatulio. Ubao uuteremshe moja kwa moja, mbele na nyuma kwa pamoja, bila kuupinda. Angalia vispringi vidogo vitakavyoruka. Tandika shuka jeupe chini, vinginevyo utavitafuta hadi Krismasi.

Grisi huyeyuka kwa mafuta ya taa, mbali na jiko na mbali na sigara. Lakini mafuta ya taa hayaondoi chumvi, na chumvi ndiyo iliyomaliza mitutu mingi. Risasi nyingi za .303 za kijeshi za zamani zilikuwa na kiwashio ambacho kikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani, na mkazi yeyote wa Mombasa anajua mabati hufanywa nini na chumvi na unyevu. Kinachoiyeyusha ni maji. Ndiyo maana askari wa zamani walimimina maji ya moto yanayochemka kupitia faneli, lita mbili au tatu, toka nyuma hadi mdomoni. Chuma kikipata moto hujikausha chenyewe. Kisha hupitishwa kitambaa kikavu, halafu chenye mafuta.

Kitambaa hicho huvutwa kwa kamba yenye uzito wa shaba mwishoni, ambayo pamoja na kichupa cha mafuta ilitunzwa ndani ya kitako, nyuma ya kijilango kidogo. Ivute toka nyuma kwenda mbele, na uivute wima. Kamba ikisugua upande mmoja wa mdomo kila wiki kwa miaka, hula chuma kama kamba ya kisima inavyokula jiwe, na mtutu wenye mdomo uliolika hautupi risasi inapotakiwa.

WEKA MSASA KANDO

Sasa kuna wale wapendao vitu ving'ae. Huchukua msasa au waya wa kusugulia sufuria wakaisugua bunduki mpaka ikawa kama kijiko kipya. Wamefuta rangi nyeusi iliyokuwa ikizuia kutu, na pamoja nayo wamefuta taji la mfalme, mwaka wa kutengenezwa na alama za wakaguzi. Kutu nyepesi hutoka kwa mafuta na kitambaa kigumu, pole pole. Ubao nao hautaki vanishi. Ufute uchafu, kisha upake mafuta mabichi ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kidogo sana kwa kiganja, uusugue mpaka upate joto, uuache ukauke siku moja au mbili, urudie. Vitambaa vya mafuta hayo usivifinyange na kuvitupa pembeni. Huweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Unaporudisha kila kitu, kitako kitangulie kukazwa, na ile ncha ya pembe nne isimame sawa na kibati kabla ubao haujapanda.

Mjomba aliyajua hayo akiwa amechelewa. Aliipeleka bunduki kwa fundi wa silaha akiwa ameinamisha kichwa. Ubao uligundishwa na kupigwa pini mbili za shaba, na ufa ule ukabaki ukionekana kama mshono wa daktari. Tangu siku hiyo, mtu akimwomba bisibisi, hata ya kufungulia redio, yeye huuliza kwanza: "Ya kufungua nini, na kipi kitangulie?"