Vinara wa Mfumo wa Jua: Kikongwe, Kikubwa, cha Mbali na Kizito

Miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita hapakuwa na Jua, Dunia wala Mwezi. Palikuwa na wingu kubwa la gesi na vumbi lenye baridi kali. Sehemu ya wingu hilo ilijikusanya kwa nguvu yake ya uvutano, ikazunguka kwa kasi iliyozidi kuongezeka, ikawa bapa kama chapati. Humo ndimo vilimozaliwa vinara hivi sita, na kila kimoja ni shahidi wa hatua fulani ya uzazi huo.

1. Kikongwe kuliko vyote
Tarehe 8 Februari 1969 kimondo kilipasuka angani karibu na kijiji cha Pueblito de Allende, Mexico. Vipande vyake vilivyookotwa vilifika tani 2 hivi. Ndani yake mna madoa meupe yenye kalsiamu na alumini, yaliyoganda mwanzo kabisa gesi iliyopata moto karibu na katikati ya wingu ilipoanza kupoa. Umri wa madoa hayo ni karibu miaka bilioni 4.567, na ndio unaotumika kuhesabia umri wa mfumo wa jua.

2. Kizito kuliko vyote
Jua pekee lina asilimia 99.8 ya maada yote ya mfumo wa jua. Sayari nane, miezi, asteroidi na nyotamkia hugawana kilichobaki. Sehemu kubwa ya wingu ilididimia katikati, na kadiri gesi ilivyobanwa ndivyo ilivyopata joto, mpaka hidrojeni ikaanza kuungana na kuwa heli. Hapo nyota yetu ikawaka. Leo kitovu chake kina joto la nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi.

3. Sayari kubwa kuliko zote
Mshtarii una maada mara 318 ya Dunia. Sayari nyingine zote zikijumlishwa hazifikii nusu yake. Ulizaliwa mbali na Jua, mahali ambapo maji yaliganda kuwa barafu, hivyo malighafi ilikuwa tele. Kiini chake kilikua haraka na kuivuta gesi kabla haijatawanyika. Karibu na Jua barafu haikudumu, ndiyo maana Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi ni sayari ndogo za miamba na metali.

4. Cha mbali zaidi kilichotembelewa
Tarehe 1 Januari 2019 chombo cha Marekani, New Horizons, kilipita kando ya Arrokoth, takriban kilomita bilioni 6.5 kutoka kwenye Jua. Arrokoth ni magimba mawili yaliyogusana polepole na kushikamana bila kupondana. Hivyo ndivyo vipande vidogo vilivyoanza kujenga vikubwa.

5. Pigo kubwa kuliko yote kwa Dunia
Wanasayansi wengi wanakubali kwamba Dunia ikiwa bado changa iligongwa na gimba lenye ukubwa unaokaribia wa Mirihi, na vifusi vilivyoruka vikakusanyika kuwa Mwezi. Safari za Apollo zilileta kilo 382 za mawe na udongo wa Mwezi kati ya 1969 na 1972, na oksijeni iliyomo inafanana mno na ya Dunia, ishara kwamba vina asili moja.

6. Kimondo kizito kuliko vyote duniani
Hoba, kilichoko Namibia, kina uzito wa tani 60 hivi. Tanzania nayo ina Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, chenye tani 16 hivi na urefu wa mita 3. Vyote viwili ni chuma kilichochanganyika na nikeli. Vimondo vingi vya aina hii ni mabaki ya viini vya sayari changa zilizoyeyuka, chuma chake kikazama katikati, kisha zikavunjwa na migongano.

Mwanafunzi, shule yenu ikipanga ziara ya mafunzo, pendekeza Mbozi. Historia ya kuzaliwa kwa sayari imo ndani ya vitu vinavyoshikika na kupimika, na bado inahitaji wapimaji wapya. Jiandae kuwa mmoja wao.