Mtoto akinogewa na gemu ya kuruka na kuteleza, mzazi afanye nini?

Karatu. Simu ya mzazi aliyetoka kazini haikai mkononi mwake kwa muda mrefu. Awe dereva anayepeleka watalii Ngorongoro, mpishi wa hotelini au muuza vitunguu sokoni, akifika nyumbani mtoto anaiomba acheze gemu.

Moja ya gemu zinazopendwa sana duniani ni Subway Surfers, iliyotengenezwa Denmark mwaka 2012. Mwaka 2018 ilikuwa gemu ya kwanza kupakuliwa zaidi ya mara bilioni moja kupitia Google Play. Kijana Jake anakutwa akichora treni kwa rangi ya kupuliza. Mkaguzi na mbwa wake wanamkimbiza, naye anaruka juu ya mabehewa, anapita chini ya vizuizi na kupanda ubao unaoelea hewani.

Mtindo huo si mpya. Mwaka 2000, kampuni ya Sega ya Japani ilitoa Jet Set Radio, gemu ya vijana wanaovaa viatu vya magurudumu, wanaoteleza kwa madoido na kuchora kuta huku polisi wakiwafukuza. Baadhi ya waliokuwa watoto wakati huo leo ni wazazi.

Kinachomvutia mtoto ni kuona mwili mwepesi usioogopa kuanguka. Hilo si baya. Tatizo ni kwamba Jake anakimbia wakati mtoto amekaa, na kinachofanya kazi ni kidole tu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Wa miaka mitano hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi ya kutoa jasho kila siku.

Kupenda gemu si ugonjwa. Hata hivyo, tangu Januari 2022 uraibu wa gemu umo katika orodha ya magonjwa ya WHO. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuweka gemu mbele ya masomo, usingizi na marafiki, na kuendelea hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kwa miezi 12 au zaidi.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Subway Surfers haina mwisho. Mbio huisha Jake anapogonga kitu au kukamatwa. Kumwambia mtoto "ukimaliza lete simu" ni kumpa ruhusa isiyo na kikomo. Ni vyema wakubaliane kabla hajaanza: akikamatwa mara tano, simu inarudi. Usiku simu isilale chumbani kwa mtoto, na ununuzi ndani ya gemu ufungwe kwa nywila.

Baada ya hapo, kile anachokipenda kihamie uani. Kamba ya kuruka, tairi kuukuu la kusukuma na mistari iliyochorwa chini vinatosha. Anayependa michoro ya Jake apewe mkaa na boksi, achore. Kutoka nje mchana pia husaidia kupunguza hatari ya mtoto kushindwa kuona mbali.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Kitintale, jijini Kampala, vijana wa mtaa walijenga uwanja wa zege wa kuchezea mbao za magurudumu mwaka 2006, na watoto wakajifunza kuteleza kweli.

Penye magurudumu, kofia ngumu ni lazima. Barabara kuu ya kwenda Ngorongoro, yenye magari ya watalii, si uwanja wa michezo. Jake akigonga treni huanza upya. Mtoto akigongwa na gari hana pa kuanzia tena. Aelezwe hivyo mapema, kwa upole, kabla hajajaribu.