Shasha: motokari ya waya ndiyo masomo ya kwanza ya telekomande

Ukitoka Goma, ukapita Sake na kufuata barabara ya kitaifa namba 2 kuelekea Minova, utafika Shasha. Ziwa liko upande wa kushoto, milima ya Masisi iko upande wa kuume. Pale kamyo za Fuso, mapikipiki na chukudu zinapigania njia, kila moja na honi yake ao kelele ya mwenye kuisukuma. Lakini kando ya njia kuna motokari zingine zenye hakuna mutu anahesabu: za waya, za kipande cha bidoni, za mukebe wa sardini, zenye magurudumu ya sapato iliyokwisha.

Angalia muzuri mutoto mwenye anatembeza moja kati ya zile. Haiinamie. Anasimama wima, anashika kijiti kirefu chenye kutoka kwenye motokari mpaka kifuani mwake, na juu ya kijiti kuna usukani wa waya. Akikata kushoto, magurudumu ya mbele yanakata kushoto. Akirudisha, yananyooka. Mutoto yuko huku, motokari iko kule, na inamusikia. Ile ni telekomande kabisa. Inakosa tu batri na mawimbi.

Juu ya hiyo, wakati muzazi anauliza namna gani mutoto wake anaweza kuanza muchezo wa motokari za telekomande, jibu la kwanza si duka. Jibu ni waya. Mutoto mwenye ameshatengeneza magurudumu manne yenye kuzunguka bila kuyumba, na usukani wenye kutii, ameshapita nusu ya njia.

Ile yenye ilikufa siku ya pili

Mwenye kuandika hapa alipata ya kwanza kwa Bonane, zamani. Baba mudogo aliinunua mu Birere, pale Goma, mwenye furaha kuliko siye watoto. Jioni ya kwanza ilitembea nyumba muzima. Watoto wa majirani walijaa mulangoni. Kesho yake asubui pile zilikwisha, tukanunua zingine. Saa sita, jino moja la gurudumu la ndani likavunjika, na motokari ikabakia kulia bila kusogea. Tulisikia moteri inazunguka, lakini magurudumu hayakuwa tena na habari yake.

Tuliifungua na kisu cha jikoni. Ndani tulikuta moteri mbili ndogo, kibao cha kijani chenye vipande vya risasi, na waya mumoja mwembamba wenye haukufungwa popote. Ule waya ulituchanganya: kwa nini mutu anaweka waya wenye hauendi popote? Kumbe ni anteni. Ile motokari, tangu ilipokufa, ilitufundisha mambo mengi kuliko siku yenye ilitembea.

Ndani kuna nini

Motokari ya telekomande, ikuwe ya bei kidogo ao ya bei kubwa, iko na vitu vitano. Kuna kile chenye unashika mukononi, chenye kutuma mawimbi. Kuna kipokezi ndani ya motokari, chenye kusikia ile mawimbi kupitia anteni. Kuna moteri ya kusukuma. Kuna kitu cha kukatisha magurudumu ya mbele. Na kuna batri, yenye kulisha yote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Katika mwaka wa 1898, Nikola Tesla alionyesha watu wa New York mashua ndogo yenye iliendeshwa na mawimbi, bila waya. Hata redio za kusikiliza habari zilikuwa hazijaingia mu manyumba. Kwa motokari, kampuni Tamiya ya Japani ilitoa Porsche 934 ya telekomande katika mwaka wa 1976, na toka pale muchezo ulisambaa mu inchi nyingi.

Kuna jambo moja lenye watoto wanagundua wao wenyewe. Telekomande nyingi za bei kidogo zinatumia mawimbi ya megahertz 27. Watoto wawili wakileta motokari zenye kusikia mawimbi yaleyale, mumoja anabonyeza, na motokari ya mwengine ndiyo inaondoka. Fujo inaanza pale: «Achia yangu!» Hakuna mwenye kuiba. Ni sawa na watu wawili wenye kuita jina moja mu soko. Zile za kisasa zinatumia gigahertz 2.4: kipokezi kinafunganishwa na telekomande yake, na kinakataa sauti ya mugeni.

Kuna ya kuchezea na kuna ya kujenga

Muzazi mwenye kununua ajue tofauti moja kubwa. Ya kuchezea inafungwa mara moja kwa kiwanda. Ikivunjika, hakuna kipande cha kubadilisha. Na mara nyingi usukani wake unajua tu mambo matatu: kushoto kabisa, kuume kabisa, ao katikati.

Ya kujenga inafunguliwa na tournevis. Moteri inatoka, gurudumu linatoka, meno ya ndani yanatoka, na kila kipande kinauzwa peke yake. Usukani wake unafuata kidole: ukikata kidogo, inakata kidogo, ukikata sana, inakata sana. Nyingi kati yake zinatengenezwa kwa kipimo cha 1/10, maana yake motokari ya kweli yenye urefu wa metre 4 inakuwa ya sentimetre 40. Lakini bei yake mara nyingi inapita dola 100, bila kuhesabu batri na chaji. Kwa famili yenye kuishi na shamba ao uvuvi, hiyo ni pesa ya masomo. Basi tusidanganyane: njia ya Shasha haianzie pale.

Njia yenye inawezekana

Hatua ya kwanza ni ile ya waya. Pima muzuri: magurudumu yote yakuwe na ukubwa mumoja, na ekseli inyooke. Kama motokari yako inakwenda upande mumoja wakati unaisukuma mbele, usiweke moteri bado. Moteri haitengenezi ubaya wa magurudumu, inauongeza tu.

Hatua ya pili ni moteri. Redio-kaseti iliyokufa iko nayo, na fundi wa redio hakatai kukuachia mabaki kwa pesa kidogo ao kwa kumufagilia kazi. Funga moteri na pile nne za volti 1.5, zikipangwa kwa mustari mumoja, zinatoa volti 6. Ikizunguka, geuza nyaya: ile ya kuongeza uweke pale pa kupunguza. Moteri itazunguka kinyume. Mutoto mwenye kuona jambo hilo kwa mara ya kwanza ameshaelewa namna motokari inarudi nyuma.

Lakini ukifunga moteri moja kwa moja kwenye gurudumu, haitasukuma. Inazunguka mbio sana na haina nguvu. Kata ukanda mwembamba kwa mupira wa ndani wa pikipiki, uuzungushe toka kwa moteri ndogo mpaka kwa duara kubwa la kifuniko cha bidoni. Sasa mbio inapunguka, nguvu inaongezeka. Mwenye kusukuma chukudu yenye magunia ya makala anajua hesabu hiyo kwa mabega yake: mupando hauombi mbio, unaomba nguvu.

Hatua ya tatu ni telekomande ya waya. Chukua nyaya ndefu za metre mbili ao tatu, pile zibakie mukononi mwako pamoja na swichi ya kugeuza, moteri ikuwe kule. Unatembea nyuma ya motokari kama mutu mwenye kutembeza mbuzi. Watu watacheka, waache wacheke. Hapa utajifunza kulehemu na risasi, kufunika nyaya ili zisigusane, na kutafuta mwenyewe pale umeme umekatikia.

Hatua ya ine ndiyo mawimbi. Tafuta motokari ya kuchezea iliyovunjika mwili lakini kibao chake na telekomande yake bado viko muzima. Vile vinapatikana mu manyumba yenye watoto, mu kona, chini ya kitanda. Ondoa kibao, ukiweke kwenye motokari yako ya bidoni. Anteni uiache inyooke. Ukiikunja, motokari haitasikia mbali. Kibao kile kinajua kulisha moteri ndogo tu. Ukikifunga kwa moteri kubwa, kitawaka na moshi utakuambia.

Mutoto mwenye amefika hapo, siku moja akipata ile ya kujenga, hataivunja. Ataisoma.

Batri, na umeme wa kwetu

Ya kujenga inaomba batri ya kuchajiwa. Mwanafunzi aanze na ile ya NiMH ya volti 7.2; inavumilia makosa. Ile ya LiPo ni nyepesi na iko na nguvu sana, lakini haisamehe. Kila chumba chake kisipite volti 4.2 wakati wa kuchaji, na kisishuke chini ya volti 3 wakati wa kucheza. Ikivimba kama mukate, kazi yake imekwisha. Usiitoboe, usiichaji wakati unalala, usiichaji juu ya mukeka ao karibu na magodoro.

Wengi wetu tunatumia panneau ya jua. Usifunge batri ya motokari moja kwa moja kwa panneau: jua likipanda volti zinapanda, wingu likipita zinashuka. Panneau ilishe kwanza batri ya nyumba ya volti 12, kisha chaji yenye kukubali volti 12 ndiyo ilishe ile ndogo.

Pale muchezo haupaswi kufika

Sasa neno kwa wazazi, na hili si la muchezo. Katika mwezi wa pili wa 2024, mapigano yalifika Shasha, barabara ya Sake na Minova ikakatika, na watu wakakimbia na magodoro kichwani. Vita ikipita, chuma kinabakia mu majani. Mutoto mwenye kutafuta waya na vipande vya kuangaza kwa motokari yake anaangalia chini, na ile yenye kuangaza inaweza kuwa grenade ao bombe yenye haikupasuka. Mikono ileile yenye kujua kufungua redio itatamani kuifungua pia.

Basi tuwaambie waziwazi: waya wa motokari unatoka kwa fundi, kwa jirani, kwa redio iliyokufa. Hautoki mu pori, hautoki mu shimo la askari, hautoki mu nyumba iliyopigwa. Ukiona chuma chenye hujui, usiguse, usitupie jiwe. Simama, rudi pale ulipitia, uambie mukubwa ao shefu wa kijiji ili wenye kazi ya kuondoa mabombe waitwe.

Jambo la pili: mutoto mwenye anteni, nyaya na pile mu mufuko asipite navyo karibu na barriere. Siye tunajua ni kichezeo, mwenye bunduki hajui. Tuchezee mu lupango ao mu uwanja wa masomo, pale watu wanatufahamu.

Na la tatu: barabara kubwa si uwanja. Shofere wa Fuso mwenye mupando haoni kitu cha sentimetre 30, na haoni vizuri mutoto mwenye kukifuata.

Madini yetu, mikono yetu

Hapo juu yetu, mu milima ya Masisi, kuko Rubaya. Watu wanachimba pale coltan, na mu ile coltan munatoka tantale yenye kuingia mu vipande vidogo vya mashini za umeme dunia nzima. Cobalt ya batri nyingi inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Kitu kinatoka kwetu kikiwa udongo, kinarudi kikiwa kibao cha kijani, na siye tunakinunua bila kujua chenye kinafanya.

Tunaweza kujua. Katika mwaka wa 2013, Kinshasa ilipata robots za kuongoza motokari mu njia, zenye kulishwa na jua. Zilitengenezwa na Mukongomani, injiniere Thérèse Izay Kirongozi na wenzake. Goma yenyewe iko na sanamu ya chukudu yenye rangi ya zahabu mu rond-point, kwa kuheshimia kitu chenye watu wa huku wanachonga kwa mbao na mupira wa motokari iliyokufa. Mutu hakuanza na zahabu. Alianza na muti.

Muzazi, siku mutoto wako atafungua redio yako ya zamani, usimupige mbele ya kuuliza. Muulize anatafuta nini. Kama anatafuta moteri, mupe na tournevis.