Harambee ya Karo: Hakikisha Mchango Wako Unamfikia Mwanafunzi

Kila mara barua za kujiunga na shule na vyuo zinapotoka, wakazi wengi wa kaunti yetu hupokea kadi za mchango na kuingizwa kwenye makundi ya WhatsApp ya harambee. Desturi hii ina mizizi. Baada ya uhuru mwaka wa 1963, Mzee Jomo Kenyatta aliifanya Harambee kuwa wito wa taifa, na wananchi wakajenga shule nyingi za sekondari kwa michango yao wenyewe. Siku hizi, mara nyingi kinachochangiwa ni karo.

Hata hivyo, hutokea harambee ikafana na bado mwanafunzi akarudishwa nyumbani muhula unaofuata. Watu walitoa, lakini hesabu ilikuwa ya siku moja.

Kabla ya harambee

Pateni muundo wa karo kutoka shuleni, kisha mpige hesabu ya miaka yote. Tuseme karo ya bweni ni Sh40,000 kwa mwaka. Sekondari ya juu ni miaka 3, kwa hivyo mnahitaji Sh120,000, bila sare wala nauli. Harambee ikileta Sh60,000, nusu bado. Amueni mapema itatoka wapi.

Ulizeni pia misaada iliyopo. Basari ya NG-CDF huombwa katika ofisi ya eneo bunge. Wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo vya kiufundi wanaweza kuomba mkopo wa HELB. Kuhusu basari ya kaunti, uliza katika ofisi ya wadi yako. Kumbukeni kwamba tangu 2008 Serikali ya Kitaifa hugharamia masomo katika sekondari za kutwa za umma. Familia ikichagua shule ya kutwa, mzigo unaobaki, kama vile chakula cha mchana na sare, huwa mdogo kuliko wa bweni.

Pesa zipitie wapi?

Undeni kamati yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwakilishi wa familia. Michango isiingie kwenye simu ya mtu mmoja. Njia bora ni mchangaji kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule au chuo, akitaja nambari ya usajili ya mwanafunzi. Ikishindikana, tumieni akaunti ya benki inayohitaji saini za watu zaidi ya mmoja.

Andikeni ahadi kando na pesa zilizopokewa. Mkitangaza jumla moja, familia itadhani karo imetosha ilhali nusu yake ni maneno. Gharama za hema, vipaza sauti na chakula ziwe ndogo, na zijulikane kabla ya siku yenyewe.

Sheria inasemaje?

Kuchangisha pesa kutoka kwa umma kunasimamiwa na Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106. Ulizeni ofisi ya chifu kama mchango wenu unahitaji kibali. Hadi ilipofutwa mwaka wa 2025, Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilimkataza afisa wa umma kutumia ofisi yake kuchangisha harambee, au kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe. Ukienda kutafuta huduma, hulazimiki kununua kadi ya mchango.

Baada ya harambee

Katika muda wa wiki 2, kamati itoe taarifa kwa wote waliochanga, aliyetoa Sh50 na mgeni wa heshima vilevile. Ionyeshe pesa zilizopatikana, zilizotumika, karo iliyolipwa pamoja na risiti ya shule, na ahadi ambazo hazijatimizwa. Baki liwekwe kwa muhula ujao wa mwanafunzi huyohuyo.

Kabla ya kuchanga, uliza maswali matatu: Pesa zinaingia akaunti gani? Nani wanatia saini? Tutapewa hesabu lini? Kamati iliyojipanga itakujibu papo hapo.